Kuomba hati katika ofisi ya komine: somo la maneno, la barua na la haki

Katika kozi zetu za uandishi tunajifunza barua ya kirafiki, barua ya kuomba kazi na taarifa ya mkutano. Barua ambayo watu wa Lubumbashi wanaihitaji pengine kuliko hizo zote haimo katika mpango wa masomo: barua ya kuomba hati iliyomo katika vitabu vya serikali. Mzazi anataka kumwandikisha mtoto shuleni, kijana anatengeneza faili la safari, mjane anataka kuonyesha kwamba ndoa yake iliandikwa, mwenye kiwanja anataka kujua ni jina gani limo katika fishi ya kartie. Wote wanakwenda ofisini, na wote lazima waseme kitu au waandike kitu.

Ninaandika makala haya kama mwanafunzi wa lugha ambaye, kwa sababu tu ya kitivo anachosoma, ameombwa mara nyingi na majirani wa Katuba awaandikie barua hizo. Kutokana na kazi hiyo nimefikia mawazo mawili ambayo nataka kuyaeleza hapa. La kwanza: mara nyingi hati inakosekana kwa sababu jina lililotumiwa kuiomba si jina lake. La pili: mara nyingi haki inageuka kuwa fadhila kwa sababu ya kitenzi kilichochaguliwa na mwombaji mwenyewe. Mambo hayo mawili ni ya msamiati na ya sarufi, kwa hiyo yanatuhusu sisi kabla ya kuwahusu wanasheria.

1. Hati nyingi, jina moja

Tuanze na mfano wa kuzaliwa, kwa kuwa ndio unaoleta watu wengi zaidi ofisini. Katika Kiswahili cha mjini kwetu watu husema «mukanda ya kuzaliwa». Katika Kiswahili cha vitabu tunasema «cheti cha kuzaliwa». Maneno hayo mawili yanatosha kabisa nyumbani. Ofisini hayatoshi, kwa sababu utawala wetu, unaoandika kwa Kifaransa, unatenganisha karatasi zisizopungua nne:

a) «Certificat de naissance»: karatasi inayotolewa na hospitali au nyumba ya uzazi. Inashuhudia kwamba mwanamke fulani amejifungua mtoto siku fulani. Mzazi huipeleka komine ili mtoto aandikwe. Yenyewe si uandikishaji.

b) «Acte de naissance»: andiko lenyewe ndani ya rejista ya etasivili, lenye nambari yake, volyumu yake na folio yake, pamoja na sahihi ya ofisa. Hilo ndilo shina, na hizo nyingine ni matawi au njia za kulifikia.

c) «Copie intégrale» na «extrait»: nakala zinazotolewa kutoka katika andiko hilo. Ya kwanza inanakili maneno yote, ya pili inatoa sehemu tu.

d) «Attestation de naissance»: karatasi ambayo ofisi inathibitisha kwamba mtu amezaliwa mahali fulani na tarehe fulani, mara nyingi kufuatana na maelezo ya mwombaji. Ina kashe na sahihi, na kwa macho inafanana na hati nyingine, lakini haitoki katika andiko la rejista.

Kuna pia karatasi ya tano, «jugement suppléti­f», yaani hukumu ya mahakama inayoshika nafasi ya tangazo la kuzaliwa ambalo halikufanyika kwa wakati. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inawapa wazazi siku 90 za kutangaza kuzaliwa kwa mtoto mbele ya ofisa wa etasivili. Siku hizo zikipita, njia inapitia mahakamani.

Tazama sasa madhara ya jina moja kwa karatasi nyingi. Jirani mmoja alihitaji hati ya binti yake mkubwa, kwa sababu baba wa mtoto, anayefanya kazi ng'ambo, alikuwa ameanza faili la kumwita kwake. Mama akaenda ofisini akasema: «Baba, minalomba mukanda ya kuzaliwa ya mutoto.» Akalipa, akapewa «attestation». Kule ilikopelekwa ikakataliwa: walitaka «copie intégrale». Mama akarudi ofisini, akarudia maneno yaleyale, akapewa «attestation» nyingine yenye tarehe mpya, na akalipa tena. Karani hakumdanganya. Alimpa kitu alichokiomba, kwa maana «mukanda ya kuzaliwa» ni hiyo pia. Barua ilipoandikwa ikitaja «copie intégrale d'acte de naissance» pamoja na mwaka wa kuandikwa, rejista ilifunguliwa na andiko likaonekana. Lakini miezi mitano ilikuwa imekwisha kupita, na katika faili la namna ile miezi mitano si kitu kidogo.

Kwa hiyo napendekeza kwamba sisi tunaofundisha na kujifunza Kiswahili tutenge majina: «cheti cha uzazi» kwa karatasi ya hospitali, «hati ya kuzaliwa» kwa andiko la rejista, «nakala kamili» na «dondoo» kwa zile zinazotolewa humo, «uthibitisho wa kuzaliwa» kwa «attestation», «hukumu ya kujazia» kwa ile ya mahakama. Mwenye majina bora ayalete. Jambo la lazima ni kwamba pawe na majina matano kwa vitu vitano, na kwamba kila jina la Kiswahili lifuatwe na jina la Kifaransa linaloandikwa juu ya karatasi yenyewe, mpaka watu walizoee.

Tofauti hiyohiyo inarudi katika mambo ya ardhi. Mtu anasema «mikanda ya kiwanja» akiwa na fishi iliyotolewa na kartie au komine, huku sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 ikitambua haki juu ya ardhi ya mjini kwa «certificat d'enregistrement», kinachotolewa na mhifadhi wa hati za ardhi. Fishi inaonyesha nani anakaa au anadai kiwanja. Cheti cha mhifadhi kinaonyesha nani ana haki. Anayeomba ya kwanza akidhani ameomba ya pili atalala usingizi mzuri mpaka siku ya kesi.

2. Sheria inasema nini

Mwombaji hahitaji kuwa mwanasheria, lakini ni vizuri ajue mahali anaposimama. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 ina ibara nne zinazogusa somo letu.

Ibara ya 1 inasema kwamba Kifaransa ndiyo lugha rasmi, na kwamba lugha za taifa ni Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba. Serikali inapaswa kuziendeleza bila ubaguzi. Ibara ya 24 inampa kila mtu haki ya kupata habari. Ibara ya 27 inampa kila Mkongomani haki ya kupeleka ombi kwa mamlaka ya umma, peke yake au pamoja na wengine. Mamlaka inapaswa kujibu katika miezi mitatu, na hakuna anayeweza kushitakiwa kwa sababu ya kupeleka ombi kama hilo. Ibara ya 142 inaitaka serikali ieneze sheria kwa Kifaransa na kwa kila mojawapo ya lugha nne za taifa, katika siku 60 tangu sheria itangazwe.

Mambo ya etasivili yenyewe yako katika Sheria ya familia ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa tarehe 15 Julai 2016. Na sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 juu ya vyombo vya utawala vilivyogatuliwa inataja mji, komine, sekta na usultani, yaani «chefferie». Kartie na kijiji havimo katika orodha hiyo. Ni sehemu za utawala, lakini hazina utu wa kisheria wa kwao. Ndiyo maana shefu wa kartie anaweza kutoa uthibitisho wa makazi, lakini hawezi kutoa nakala ya rejista ambayo hanayo. Mtu anayejua hilo hapotezi asubuhi nzima mbele ya mlango usiokuwa wake.

Msomaji wa kitivo chetu ataona jambo katika ibara ya 142. Kama sheria zinapaswa kufika kwa raia katika Kiswahili, basi kuna kazi ya kutafsiri isiyokwisha, na istilahi za kazi hiyo hazitashuka kutoka mbinguni. Zitatoka mikononi mwa watu waliosoma lugha.

3. Barua ya Kifaransa na kivuli chake

Mbele ya ofisi nyingi za mji wetu kuna vijana wenye mashine au kompyuta wanaoandika barua kwa malipo. Barua zao zina umbo moja ambalo sote tunalijua. Inaanza hivi: mwandishi «ana heshima ya kuja karibu na mamlaka kuu» ya burgumestre ili aombe «jambo ambalo kichwa chake kimeandikwa pembeni». Inafuata aya ya kueleza shida, kisha inafunga na «hisia za heshima ya juu kabisa». Nimeyaandika hapa kwa Kiswahili neno kwa neno makusudi, ili tusikie yanavyolia. Katika Kifaransa cha ofisi yetu ni desturi, na hakuna anayecheka. Katika Kiswahili ni nguo ya mtu mwingine.

Tatizo la umbo hilo ni pale linapokula nafasi ya habari. Nimesoma barua nyingi za namna hiyo ambamo mistari sita ni ya heshima na mmoja tu ni wa ombi, na huo mmoja unasema «un document». Karani akisoma hivyo hajui afungue rejista gani, ya mwaka gani. Anamwambia mwenye barua arudi kesho, na kwa barua ile hana jibu lingine.

Je, tunaweza kuandika barua kwa Kiswahili? Hakuna ibara niliyoitaja inayomkataza raia. Lakini jibu litaandikwa kwa Kifaransa, na rejista nazo ziko kwa Kifaransa. Kwa hiyo njia ninayoifuata ni hii: ikiwa mwombaji hasomi Kifaransa, namwandikia barua mbili juu ya karatasi moja, Kiswahili kushoto na Kifaransa kulia. Yeye anajua anachokitia sahihi, ofisi inapata lugha yake ya kazi. Mtu asiyejua kilichomo katika barua yake hawezi kuitetea dirishani.

Wala tusidhani kwamba kuandika mambo mazito kwa Kiswahili cha hapa ni jambo geni. Mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya mji huu, «Vocabulaire de la ville d'Elisabethville», kwa niaba ya chama cha watumishi wa nyumbani, kwa Kiswahili cha hapahapa. Johannes Fabian aliichapisha pamoja na tafsiri mwaka 1990. Watu ambao hawakuwa na ofisi wala mhuri walijitengenezea kumbukumbu kwa lugha yao.

4. Sarufi ya kuomba

Kitenzi chetu ni «omba», na mjini tunasema «kulomba». Kinafuatwa na dhamira tegemezi: «naomba unipatie», «naomba nipatiwe», «naomba nisaidiwe». Tofauti kati ya hizo tatu inastahili kutazamwa.

«Naomba unipatie nakala» inamwelekea mtu aliyeketi mbele yangu. Ni ya adabu, lakini inafanya ionekane kwamba nakala inatoka mkononi mwake. «Naomba nipatiwe nakala», katika hali ya kutendwa, inamwondoa mtendaji. Nakala inatoka ofisini, na karani ni njia yake tu. Katika barua hii ya pili ni bora. «Naomba nisaidiwe» au, kwa mdomo, «munisaidie», haitaji kitu kinachoombwa. Inataja shida ya mwombaji na wema wa anayeombwa. Anayesema «munisaidie» ameshaweka mezani kwamba kinachofuata ni msaada, na msaada unashukuriwa. Hapo ndipo neno «matabishi» linapoingia bila kubisha hodi, hata kabla karani hajalitaja.

Sisemi kwamba rushwa inaletwa na sarufi. Inaletwa na mishahara, na mazoea, na ukosefu wa kudhibitiwa. Lakini lugha inaweza kuifungulia mlango au kuuacha umefungwa. Mtu anayesema «ninakuja kulomba copie ya acte nambari fulani, na ninataka kujua ninalipa wapi ili nipate kitansi» amesema mambo matatu kwa pumzi moja: anajua hati, anakubali kulipa kile kinachotakiwa, na anangoja karatasi ya malipo. Hakumtukana mtu. Hakudai kwa sauti ya juu.

Heshima ibaki. Katika Kiswahili chetu tunatumia wingi wa heshima: «munipatie», «mutanijibu lini», na tunamwita karani «Baba», «Mama», au «Yaya» akiwa anakaribia umri wetu. Mwanafunzi anayekwenda dirishani na Kiswahili cha redio ya mbali, akisema «naomba unipatie» kwa mzee wa miaka sitini, atasikika kama mtoto asiyefundishwa nyumbani, hata kama kila upatanisho wake ni sahihi. Kwa hiyo barua iwe ya Kiswahili sanifu na dirishani tuzungumze lugha ya mji, huku majina ya hati yakibaki yaleyale kote kuwili.

5. Mfano wa barua

Hii ndiyo sehemu ya Kiswahili ya barua ninayoitumia. Nafasi za nukta zijazwe.

Lubumbashi, tarehe …

Kutoka kwa: (jina, jina la pili, jina la ubatizo), avenue …, nambari …, kartie …, komine …, simu …

Kwa Bwana Burgumestre wa Komine ya …

Kuhusu: ombi la nakala kamili ya hati ya kuzaliwa («copie intégrale d'acte de naissance»)

Bwana Burgumestre,

Kwa heshima, naomba nipatiwe nakala kamili ya hati ya kuzaliwa ya binti yangu, … , aliyezaliwa Lubumbashi tarehe … na kuandikwa katika rejista ya komine yenu mwaka … . Baba yake ni … , mama yake ni … . Nambari ya hati ni … , volyumu … , folio … .

Jina lake linaweza kuwa limeandikwa pia hivi: … au … .

Niko tayari kulipa malipo yaliyowekwa na sheria, kwa kupewa risiti. Ikiwa hati hiyo haionekani katika rejista, naomba nipewe jibu la maandishi linalosema hivyo, ili niweze kuendelea mbele ya mahakama.

Nashukuru kwa kuipokea barua hii.

Sahihi.

Viambatisho: nakala ya kadi ya mwombaji, nakala ya …

Mambo mawili yafahamike. Kwanza, sentensi ya mwisho kabla ya shukrani ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Jibu la mdomo «haiko» halimpeleki mtu popote. Jibu la maandishi linampeleka kwenye hukumu ya kujazia. Pili, barua ichapwe mara mbili. Moja inabaki ofisini, na juu ya nyingine mpokeaji anaandika tarehe, anatia sahihi na kupiga kashe: ndiyo «accusé de réception». Bila karatasi hiyo, barua yako haikuwahi kuwapo, na miezi mitatu ya ibara ya 27 haina siku ya kuanza kuhesabiwa.

6. Majina kama yalivyoandikwa zamani

Hapa ndipo mwanafunzi wa isimu anapokuwa na faida kubwa kuliko mwanasheria. Rejista inatafutwa kwa mwaka na kwa jina, na majina yetu yameandikwa kwa mikono ya watu waliofuata tahajia mbalimbali. Mwamba ni Muamba. Ngoy ni Ngoie na Ngoyi. Kyungu ni Kiungu. Chibangu ni Tshibangu, kwa kuwa tahajia ya wakati wa Wabelgiji iliandika «tsh» pale ambapo sisi leo tunaandika «ch». Binti wa jirani niliyemtaja alikuwa ndani ya rejista wakati wote, ila jina lake lilikuwa na «u» mahali ambapo familia inaandika «w».

Muundo wa jina nao una historia. Siasa ya kurudi kwenye asili, mwanzoni mwa miaka ya 1970, iliondoa majina ya Kikristo katika karatasi na kuingiza jina la pili, «postnom». Mtu aliyezaliwa miaka hiyo na kubatizwa kanisani anaweza kuitwa na watu wote kwa jina la ubatizo ambalo rejista hailijui. Katika barua aandike kwanza majina ya rejista, kisha jina analoitwa sasa.

Mahali pia pamebadilika majina. Mji wetu uliitwa Élisabethville hadi 1966. Likasi iliitwa Jadotville. Kamalondo ilikuwa Komine Albert. Wakati wa Zaire, kuanzia 1971 hadi 1997, jimbo la Katanga liliitwa Shaba kwa muda mrefu, na komine za mji ziliitwa «zone», zikiongozwa na kamishna. Tangu 2015 jimbo la zamani limegawanyika kuwa manne: Haut-Katanga, Haut-Lomami, Lualaba na Tanganyika. Anayeomba hati ya mzazi aliyezaliwa «Zone ya Katuba, Shaba» aandike hivyo, na karibu yake aandike komine na jimbo la leo. Karani kijana hajui majina ya zamani, na rejista haijui majina mapya. Barua inawakutanisha.

7. Hati ambazo ni za wote

Mpaka hapa nimezungumza juu ya hati ya mtu mmoja. Kuna hati nyingine ambazo hazina mwenyewe kwa kuwa ni za wote: bajeti ya komine, uamuzi wa burgumestre juu ya soko, orodha ya malipo ya kila huduma, ramani ya kugawa viwanja. Wanafunzi wa kitivo chetu wanaoandika kazi za mwisho juu ya majina ya avenue, juu ya lugha ya matangazo au juu ya historia ya kartie wanazihitaji. Wauza soko wanazihitaji zaidi.

Ombi la namna hii lina sarufi tofauti. Hati ya mtu inaombwa kwa uhusiano: mimi ni nani kwake. Hati ya umma inaombwa kwa maelezo: ni hati ipi, ya tarehe gani, inahusu nini. Anayeandika «naomba habari juu ya pesa za soko» ameandika lawama, na ofisi itajibu kama mtu aliyelaumiwa, yaani itanyamaza. Anayeandika «naomba kusoma, katika ofisi zenu, uamuzi unaoweka kiasi cha malipo ya kila siku katika soko fulani, pamoja na bajeti ya mwaka fulani» ametaja karatasi mbili zinazoweza kuletwa au kukataliwa kwa jina. Angalieni pia kitenzi «kusoma». Mara nyingi ruhusa ya kusoma palepale inapatikana kwa urahisi kuliko nakala, na mwenye daftari na kalamu anatoka na kitu kilekile.

Ombi kama hilo liandikwe kwa kutaja ibara ya 24 na ya 27, bila vitisho, na litiwe sahihi na watu zaidi ya mmoja inapowezekana. Katiba inasema wazi kwamba ombi linaweza kuwa la pamoja, na watu kumi waliotia sahihi hawaambiwi kwa urahisi warudi kesho. Ikiwa miezi mitatu imepita bila jibu, barua ya pili inataja tarehe ya kashe ya barua ya kwanza, na nakala yake inapelekwa kwa mkubwa wa ngazi ya juu, chini ya maneno ambayo barua zetu zote za utawala zinayajua: nakala kwa ajili ya kufahamishwa.

8. Mazoezi na pendekezo

Kwa wenzangu wa mwaka wa pili na wa tatu:

a) Chukueni barua moja iliyochapwa mbele ya ofisi. Hesabuni maneno ya heshima na maneno ya habari. Iandikeni upya kwa Kiswahili bila kupunguza adabu na bila kuacha habari.

b) Badilisheni sentensi hizi kutoka lugha ya fadhila hadi lugha ya haki, huku mkihifadhi heshima: «Baba, munihurumie na ile mukanda», «Mama, munisaidie niingie mu buku ya mariage».

c) Waulizeni wazazi wenu jina la komine, la jimbo na la mtu kama yalivyokuwa mwaka waliozaliwa. Linganisheni na karatasi walizo nazo.

d) Tafuteni jina la Kiswahili kwa «acte de décès», «attestation de décès» na «certificat de décès», mkionyesha nani anatoa kila moja.

Kwa walimu wetu nina pendekezo moja. Kitivo kina watu wanaojua lugha zote mbili, na mji una watu wanaorudishwa kila siku kwa ajili ya neno moja. Saa mbili kwa juma, chini ya uangalizi wa mwalimu mmoja wa Kiswahili na mmoja wa Kifaransa, zingetosha wanafunzi kuandika barua hizo bure na kukusanya, kwa ruhusa ya wenyewe na bila majina yao, istilahi zinazotumika kweli. Baada ya mwaka mmoja tungekuwa na orodha ya maneno ya utawala iliyopimwa kwenye madirisha ya komine zote saba za Lubumbashi, na watu kadhaa wa Katuba, Kenya na Ruashi wangekuwa na hati zao mkononi.